Mazoezi ya mwili kwa wahudumu wa afya wakati huu wa korona: yafanywe lini, na nani ana nafasi?

Sista wa Pwani (Mombasa), Novemba 2021

Assalaam aleikum wanajukwaa, na poleni na kazi.

Mimi ni muuguzi katika hospitali moja hapa kisiwani Mombasa. Tangu katikati ya mwaka jana nimekuwa nikipangiwa wodi ya wagonjwa wa korona, mara nyingi zamu ya usiku, ambayo huanza saa moja jioni na kumalizika saa moja asubuhi. Kabla ya maradhi haya kuingia nchini Machi 2020, mimi na wenzangu tulikuwa na mazoea ya kutembea kwa kasi pale Mama Ngina, kando ya bahari, baada ya alasiri, na tulirudi nyumbani tumetoa jasho na akili imetulia. Kafyu ilipokuja mazoea hayo yalikatika, na hata baada ya kuondolewa tarehe 20 Oktoba sijaweza kuyarudia.

Nilichanjwa Machi mwaka huu, muda mfupi baada ya shehena ya kwanza ya chanjo kufika, lakini katika wimbi la Julai niliambukizwa. Sikulazwa. Nilijitenga nyumbani, nikapona, nikarudi kazini. Shida yangu ni kwamba tangu hapo nikijitahidi kidogo tu, kwa mfano nikijaribu kukimbia polepole siku ya mapumziko, siku hiyo huwa sijambo, ila kesho yake au kesho kutwa mwili hulegea kiasi kwamba hata kukanda unga wa chapati huwa ni mzigo.

Sasa wiki iliyopita kumebandikwa tangazo kwenye ubao wetu likituhimiza tufanye mazoezi ya nusu saa kila siku ili kupunguza msongo wa mawazo. Siupingi ushauri huo, kwa kuwa mimi mwenyewe nauona ukweli wake. Ninachouliza ni hiki: mtu aliyekesha saa kumi na mbili ndani ya barakoa ya N95 na gauni la plastiki afanye mazoezi saa ngapi, kabla ya kulala au baada ya kuamka? Je, kulegea huku kwangu ni uvivu wa mwili uliokaa muda mrefu bila mazoezi, hivyo nijikaze, au ni jambo la kuogopa? Tena naishi Likoni, na kila siku ya kazi navuka kwa miguu lile daraja la kuelea la Liwatoni. Je, mwendo huo nao unahesabika?

Nitashukuru kwa majibu ya wenye ujuzi, na ya wale wenzangu walio kwenye hali kama hii.

Mtaalamu wa Viungo (Dar es Salaam)

Waaleikum salaam dada yangu. Pole sana kwa kuugua, na hongera kwa kazi unayoifanya. Mimi ni mtaalamu wa tiba ya viungo, na katika miezi hii nimewahudumia wauguzi na madaktari kadhaa waliougua kama wewe.

Nianze na hilo la kulegea, kwa kuwa ndilo linalobadilisha majibu mengine yote. Mwili uliokaa bila mazoezi huuma siku ya kwanza na ya pili, kisha kila wiki huongezeka nguvu. Hali unayoieleza ni tofauti: unajitahidi leo, unajiona mzima, halafu baada ya siku moja au mbili unaanguka, na anguko hilo halilingani hata kidogo na kazi uliyoifanya. Hali hiyo imeonekana kwa watu wengi waliougua korona, hata wale ambao hawakulazwa, na ilijulikana zamani kwa wagonjwa wa uchovu sugu unaofuata maambukizi ya virusi mengine. Mtu wa aina hii akijikaza hurudi nyuma. Ndiyo maana mwezi uliopita taasisi inayotoa miongozo ya tiba nchini Uingereza, katika mwongozo wake mpya kuhusu uchovu sugu, iliacha kupendekeza ule utaratibu wa kumwongezea mgonjwa mazoezi hatua kwa hatua bila kujali mwili wake unasema nini.

Kwa hiyo usijikaze, wala usijiite mvivu. Kwanza nenda ukapimwe kama unavyowapima wagonjwa wako: wingi wa damu, mapigo ya moyo ukiwa umekaa na ukiwa umesimama, kiwango cha oksijeni baada ya kutembea, na kipimo cha umeme wa moyo ikiwa umewahi kusikia maumivu ya kifua, moyo kwenda mbio bila sababu au kizunguzungu kinachokaribia kuzimia. Virusi hivi vinaweza kuacha uvimbe kwenye misuli ya moyo, na moyo wa namna hiyo haufai kukimbizwa. Baada ya hapo weka daftari dogo, uandike ulichofanya na namna ulivyokuwa siku mbili zilizofuata. Utauona mpaka wako wenyewe. Kaa chini ya mpaka huo, hata kama ni dakika chache za kutembea kwa utaratibu, na usiongeze chochote mpaka uone wiki kadhaa zimepita bila kuanguka.

Kuhusu daraja la Liwatoni, naam, mwendo huo unahesabika kikamilifu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa Novemba 2020 unamtaka mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 kwa wiki za kujongea kwa wastani, au dakika 75 hadi 150 za mazoezi ya nguvu, pamoja na mazoezi ya misuli angalau siku mbili. Lakini jambo kubwa katika mwongozo huo, ambalo matangazo mengi ya ubaoni hayalitaji, ni kwamba limeondolewa lile sharti la mwaka 2010 la kutaka kila kipindi kifikie dakika kumi mfululizo. Dakika tatu za ngazi, dakika tano za kufua kwa mikono, mwendo wa kuvuka daraja, vyote vinaingia kwenye hesabu. Kwa hali yako ya sasa, huenda daraja hilo tayari ndilo zoezi lako lote la siku, na ukiongeza mbio juu yake unajidhuru.

Kuhusu saa, wengi hunufaika wakifanya mazoezi baada ya kuamka, kabla ya kwenda zamu, na si baada ya kukesha. Asubuhi ukitoka kazini mwili unatafuta usingizi, na mazoezi ya nguvu wakati huo hupandisha joto la mwili na mapigo ya moyo, hivyo usingizi wa mchana, ambao ni hafifu tangu mwanzo, unazidi kukimbia. Kutembea taratibu na kunyoosha mgongo na shingo hakuna ubaya. Kipimo cha wastani ni rahisi: unapaswa kuweza kuzungumza sentensi nzima bila kukatika pumzi, lakini usiweze kuimba.

Neno moja kwa wenzako ambao hawakuugua, au waliopona vizuri: wasisahau misuli ya miguu na mgongo. Kumgeuza mgonjwa mzito alale kifudifudi ili apate hewa ni kazi ya watu kadhaa, na wauguzi wengi wameumia viuno katika kazi hiyo. Kuinuka na kukaa kwenye kiti bila kujishika, na kujisukuma kutoka ukutani, ni mazoezi yanayofanyika ndani ya nyumba, bila ukumbi wa kulipia wala kutoka nje usiku.

Daktari wa Ziwani (Kisumu)

Nakubaliana na yote aliyoyasema mtaalamu kuhusu mwili. Mimi nataka tulitazame lile tangazo lililobandikwa ubaoni, kwa sababu limenigusa sana.

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliuweka uchovu wa kazi uliopitiliza katika uainishaji wake mpya wa magonjwa, utakaoanza kutumika Januari 2022, na likaueleza kuwa ni jambo linalotokana na kazi: msongo wa muda mrefu kazini usioshughulikiwa. Halikuuita ugonjwa wa mtu binafsi. Sasa kama chanzo kiko kazini, inawezekanaje dawa yote iwe nyumbani kwa muuguzi, katika saa zake za kulala? Wodi ikiwa na wagonjwa wengi kuliko wauguzi wanaoweza kuwahudumia, hakuna idadi ya kuruka kamba itakayoziba pengo hilo.

Shirika hilohilo linakadiria kwamba kati ya Januari 2020 na Mei 2021 wahudumu wa afya waliofariki kwa korona duniani ni kati ya 80,000 na 180,000. Hapa kwetu sote tunamkumbuka daktari kijana wa miaka 28 aliyefariki Desemba mwaka jana baada ya kuambukizwa akiwa kazini Machakos, huku ikiripotiwa kwamba hakuwa amelipwa mshahara kwa miezi na hakuwa na bima. Mwezi huohuo matabibu na wauguzi waligoma, na madaktari wakafuata tarehe 21. Madai yalikuwa mavazi ya kujikinga, bima, posho ya hatari na kuajiriwa kwa watu zaidi. Katika madai hayo yote nayaona mambo ya afya ya akili zaidi kuliko katika mahubiri yoyote ya mazoezi, kwa sababu mtu anayejua kwamba akiugua atatibiwa, na akifa watoto wake hawataachwa mikono mitupu, hulala usingizi tofauti kabisa.

Kiwango kinachotajwa kimataifa ni madaktari, wauguzi na wakunga 44.5 kwa kila watu 10,000, na nchi yetu bado iko mbali nacho. Umbali huo ndio muuguzi mmoja anaoujaza kwa mwili wake kila usiku.

Sisemi watu waache mazoezi. Mimi mwenyewe huendesha baiskeli, na najua akili inavyofunguka nikishuka. Lakini naogopa sana siku ambayo muuguzi atalia ofisini kwa msimamizi wake, naye aulizwe kama wiki hiyo alifanya mazoezi. Dada, ukipata nafasi katika kikao, waombe waandike kwenye ratiba ni nani atakayeshika wagonjwa wako katika nusu saa hiyo wanayoisema. Jibu watakalokupa litakuonyesha kama tangazo lile lina maana.

Muuguzi wa Kivu (Beni)

Ndugu zangu, salamu kutoka Beni, mashariki mwa Kongo. Huku kwetu tuna maradhi mawili kwa wakati mmoja. Tarehe 8 Oktoba mwaka huu Ebola ilitangazwa tena hapa mjini, na korona haijaondoka. Nimefanya kazi katika mlipuko mkubwa wa Kivu Kaskazini na Ituri, ule ulioanza Agosti 2018 na kutangazwa kuwa umekwisha tarehe 25 Juni 2020, ukiwa na wagonjwa 3,470 na vifo 2,287. Nachangia kwa sababu daktari wa Kisumu amegusa jambo ambalo sisi tulilazimika kulijifunza mapema.

Katika kituo cha Ebola hakuna aliyeachiwa kuamua mwenyewe kama amechoka. Ukivaa lile vazi lote, yaani suti ya plastiki, kofia, barakoa, miwani, glavu juu ya glavu na mabuti, unaingia eneo jekundu, yaani sehemu waliko wagonjwa, kwa muda wa takriban saa moja, na muda ukifika unatoka, hata kama unajiona bado una nguvu. Saa ya kuingia huandikwa ubaoni, na aliye nje ndiye anayeitunza. Mnaingia wawili wawili, na kila mmoja analitazama jicho la mwenzake, kwa maana aliyezidiwa na joto mara nyingi ndiye wa mwisho kujua. Tukitoka, tulikuwa tukivua mabuti na kumwaga jasho chini kama maji. Kisha hapohapo unakaa kivulini na kunywa maji yenye chumvi na sukari kabla ya kuruhusiwa kufanya lolote lingine.

Utaratibu huo haukuwekwa kwa ajili ya huruma peke yake. Saa ya hatari kuliko zote ni ya kuvua, na mtu aliyechoka ndiye anayejigusa uso. Kwa hiyo pumziko lilihesabiwa kuwa ni sehemu ya kinga, sawa na klorini. Baadaye vililetwa vile vyumba vya plastiki angavu, ambavyo mgonjwa hulala ndani na muuguzi humhudumia kutoka nje kupitia mikono ya glavu iliyoshonwa ukutani, na mzigo wa joto ukapungua kwetu, tena mgonjwa akaweza kuziona nyuso zetu.

Korona ilipofika, niliona wenzetu wa hospitali za kawaida wanakaa ndani ya gauni na barakoa zamu nzima bila maji, kwa kuogopa kwenda chooni na kuharibu vazi lisilo na mbadala. Ule ni mwendo mrefu wa jangwani. Mtu akitoka humo ukimwambia akakimbie, unamwongezea kiu juu ya kiu. Ushauri wangu kwa sista ni kwamba kabla ya mazoezi yatafutwe maji, kivuli na mwenzako wa kukutazama.

Mazoezi yenyewe tuliyafanya, na tuliyapenda. Jioni, nyuma ya hema la stoo, tulicheza mpira, wasafishaji, wauguzi, madereva na madaktari pamoja. Wakati ule mjini tulikuwa tunaogopwa, hata watoto wetu walitengwa shuleni, na wapo wenzetu walioshambuliwa na kuuawa kwa sababu ya kazi hii. Pale uwanjani hapakuwa na aliyemwogopa mwenzake. Sijui kama ni mbio zilizotuponya au ni kucheka kwa pamoja, na wala sioni haja ya kuvitenganisha.

Msimamizi wa Wodi (Nakuru)

Nimesoma kwa makini, na ningependa kumjibu daktari kuhusu ratiba, kwa kuwa mimi ndiye ninayeipanga katika wodi yangu.

Inawezekana, japokuwa si kwa nusu saa. Tulichofanya ni kuandika mapumziko kwenye karatasi ileile ya zamu, pamoja na jina la anayeshika wagonjwa, dakika ishirini kwa kila mtu, kwa zamu. Kabla ya hapo kila mmoja alikuwa na haki ya kupumzika na hakuna aliyepumzika, kwa sababu hakuna muuguzi mwenye utu atakayewaacha wagonjwa wanaohema kwa shida bila mtu aliyetajwa kwa jina. Jina lilipoandikwa, watu walianza kutoka. Wengine hutembea kuzunguka uwanja wa hospitali, wengine huketi chini ya mti na kuvua viatu. Siwaulizi, kwani mapumziko yanayokaguliwa yamekwisha kuwa kazi.

Kilichonisikitisha ni jambo nililoliona katika wodi ya jirani. Walianzisha mashindano ya kuhesabu hatua kwa simu, na kila jioni majina yakawa yanatumwa kwenye kundi la WhatsApp kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho. Waliokuwa juu ni vijana wasio na watoto wanaofanya zamu za mchana. Waliokuwa mkiani ni akina mama wa zamu ya usiku, ambao wakifika nyumbani huanza kupika na kufua. Muuguzi mmoja mwenye mimba alijitoa kimyakimya katika kundi, na kwa kujitoa huko akakosa hata matangazo ya kazi. Mazoezi ya pamoja ni mema, ila yasiwe na orodha ya mkiani.

Jambo jingine ambalo halijatajwa: wako wanaotabasamu kazini na kufanya mazoezi kila siku, na ndani wamekwisha kuvunjika. Baada ya wimbi la Machi nilimgundua mmoja kwa sababu aliacha kula pamoja nasi. Huyo alihitaji mshauri nasaha na likizo. Msimamizi ajue kutofautisha.

Sista wa Pwani (Mombasa)

Nawashukuru nyote kutoka moyoni. Majibu ya mtaalamu yameniondolea lawama niliyokuwa nikijibebesha, na maelezo ya ndugu yangu wa Beni nimeyasoma kwa sauti kwa wenzangu wakati wa kupokezana zamu. Matroni wetu naye alikuwepo, akaomba nimtumie ule utaratibu wa Nakuru wa kuandika jina la anayeshika wagonjwa. Nimeshampelekea.

Nina swali moja limebaki kwa mtaalamu. Daraja hufunguliwa kwa wapita njia saa za asubuhi na jioni, na kwa miguu yangu ya sasa huwa nafika ng'ambo nimechoka, hasa kwa joto hili la matlai. Je, niendelee kulivuka kila siku, au siku nyingine nipande feri?

Mtaalamu wa Viungo (Dar es Salaam)

Dada, panda feri siku ambazo umetoka zamu ya usiku, na utembee siku unazokwenda kazini ukiwa umelala vya kutosha, kwa mwendo wa taratibu na chupa ya maji mkononi. Ukifika katikati na pumzi ikakatika, simama, ushike ukingo wa daraja, usubiri mpaka uweze kuzungumza vizuri, ndipo uendelee. Andika kwenye daftari. Baada ya wiki mbili ukiona siku za kuanguka zimepungua, ujue kiwango hicho kinakufaa na ubaki nacho kwanza. Zikiwa zilezile, punguza tena, hata ikibidi kupanda feri siku zote, na matokeo ya vipimo vyako yakitoka yapeleke kwa daktari pamoja na hilo daftari. Ukipata maumivu ya kifua au ukizimia, usisubiri miadi. Nenda siku hiyohiyo.

Kama hospitali yenu ina kitengo cha tiba ya viungo, waombe wakupime mwendo wa dakika sita kabla hujaongeza chochote. Ni kipimo kinachohitaji ukumbi, saa na kile kifaa cha kidoleni cha kupima oksijeni, ambacho wodi yenu bila shaka inacho.